Mgeni Asiyesema Rudini

Haya yalitupata nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kasulu mjini, na kama unatafuta cha kuchekea basi katafute kwa mwingine. Mimi ni fundi cherehani. Nasali, nalipa kodi ya kibanda changu, na sijawahi kukanyaga kwa mganga hata ule mwaka waliponiibia cherehani. Wanaonijua wanasema nina mdomo mkali na sina subira na hadithi za kutishana. Sasa mtu wa namna hiyo akikuambia kwamba asubuhi ya ukungu hafungui mlango wake mpaka jua litoke, hujiulizi kuna nini?

Ilianza na safari. Mdogo wangu Odetha alikuwa ananunua maharage Mabamba, kule mpakani, anakuja kuyauza Kasulu. Alikuwa amechoka kulala juu ya magunia, na bahari hajawahi kuiona hata siku moja. Akapata wazo kwamba tukishavuna twende Mafia, tena si kukaa kisiwa kimoja. Tufike Kilindoni, tuvuke Chole, tuvuke Juani, tulale pale miguu itakapogoma. Kula bata kwa bei ya mchicha, ndivyo alivyosema mwenyewe. Kila jioni tulikaa barazani na simu yake tukipanga: basi mpaka Dar, gari la Nyamisati, halafu boti. Mimi ndiye niliyekuwa mbahili. Nilitaka tubebe unga wetu wa muhogo, dagaa na sufuria, tujipikie hukohuko. Odetha akasema ataona haya kusonga ugali mbele ya Wazungu. Nikamwambia Mzungu naye ana tumbo, akisikia harufu atakuja mwenyewe na sahani.

Mama alikuwa anatusikiliza huku anachambua mboga. Tulikuwa tunaishi naye, watatu tu ndani ya nyumba, baba alishafariki. Mama alikuwa mama wa Kiha hasa. Mgeni akija kwake hatoki bila kula, na akiondoka lazima asindikizwe. Sijui kwenu mnafanyaje. Kwetu mgeni hatupiwi kwaheri mlangoni kama mkusanya madeni. Unainuka, unavaa kandambili, unatoka naye njiani mnaongea. Na hugeuki ukaondoka unavyotaka wewe. Unangoja mgeni mwenyewe aseme, basi rudini, mmenifikisha. Asiposema, unaendelea kutembea. Tumelelewa hivyo, na mpaka yale yanatokea sikuwahi kuona ubaya wake.

Sasa huyo mtu. Odetha alikutana naye Kibondo, stendi, akisubiri gari na magunia yake. Alikuwa anaangalia video za visiwa kwenye simu, na mtu aliyekaa jirani yake akachungulia. Akamwambia kwamba yeye ndiko kwao, visiwani, ila si hivyo vya kwenye simu. Vya kwao ni vingi, ni kimya, watalii hawavijui. Odetha akamuuliza vinafikika kwa kiasi gani. Akajibu kwamba havina nauli.

Hayo Odetha alitusimulia akicheka. Kesho yake jioni yule mtu akabisha hodi kwetu.

Nikamvuta mdogo wangu jikoni nikamuuliza kama alimpa namba. Hakumpa. Jina la mtaa je? Hakumwambia. Lakini Mama alikuwa ameshamkaribisha na ameshampa kiti, ungefanya nini? Nikatoka kumsalimia. Alikuwa mtu wa makamo, koti la kijivu, sauti ya chini, adabu tele. Alimwamkia Mama kwa Kiha, mwakeye, salamu ya asubuhi, na ilikuwa jioni. Halafu nikaona viatu vyake. Vilikuwa raba nyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na udongo wetu unaujua, ule mwekundu unaong'ang'ania mguu mpaka unaacha kiatu. Zile raba hazikuwa na hata doa.

Akaanza kutupangia safari. Alisema kisiwa cha kwanza kina mstari wa miti mirefu juu kabisa. Cha pili kina upara, jiwe moja katikati. Cha tatu kina nundu mbili, na huko nyuma vinaendelea vingi tu. Nikamuuliza mtu anavukaje. Akanijibu taratibu, huku ananiangalia.

"Huko hakuna boti ya kulipia. Wa kisiwa hiki anakusindikiza mpaka kile, wa kile anakusindikiza mpaka kinachofuata."

Odetha akanipiga kiwiko. Bure kabisa, dada, umesikia? Mimi nilisikia, na niamini, mbahili kama mimi sikufurahi hata kidogo. Chakula hakugusa, maji hakugusa. Aliinuka akasema anaaga, na sisi watatu tukainuka kama tulivyofundishwa.

Siku hiyo alitufikisha kwenye daraja dogo la miti hapo chini ya nyumba, akasema rudini. Tukarudi. Akaja tena mara nyingine, tukamsindikiza mbali zaidi, mpaka karibu na mashamba ya bondeni, ndipo akasema. Mara iliyofuata mimi nilikuwa kibandani na Mama alikuwa kanisani. Odetha alimsindikiza peke yake.

Alirudi giza linaingia, ametulia mno. Sketi ilikuwa imelowa mpaka magotini na jioni ile hata tone halikuwa limedondoka. Nikamuuliza amepita mtoni? Akasema hapana, hawakuona mto. Alikaa jikoni karibu na moto, na sketi ilipoanza kukauka tukaona weupe kwenye miguu yake, kama majivu. Mama akaupitishia kidole, akakilamba. Akaniangalia. Na mimi nikapitisha changu.

Ilikuwa chumvi. Sisi chumvi tunaijua, ya Uvinza ni jirani yetu, lakini Uvinza si mahali pa kwenda na kurudi kwa miguu kati ya saa ya chai na saa ya kuwasha taa. Nikamshika Odetha mabega nikamuuliza huyo mtu alimpeleka wapi. Akasema kwa sauti ya usingizi kwamba kisiwa cha kwanza ni kizuri, watu wake hawana makelele, na kwamba safari ijayo yule mgeni amesema waanze mapema, asubuhi.

Usiku huo nilihamia kitanda cha Odetha, nikalala upande wa mlango. Nilifunga kitasa nikaweka na cherehani mbele yake. Nilikuwa naogopa kumpoteza, nakuambia waziwazi. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni mimi.

Siku kadhaa zikapita kimya. Nikaanza kujisema kwamba nimezidisha. Halafu ikaja asubuhi moja nikashtuka kitanda kimepoa upande wake. Cherehani ilikuwa imesogezwa, mlango uko wazi, na ule mfuko wake wa safari, aliokuwa ameupanga kwa ajili ya Mafia, haupo. Mama alikuwa bado amelala. Nikatoka mbio bila kandambili.

Nje kulikuwa na ukungu. Umewahi kuona ukungu wa huku wakati wa masika? Hauko juu yako. Uko chini, umejaa mabondeni pomoni, mweupe, umelala sawasawa, na vilima vimetokeza vichwa tu. Nimeuona maisha yangu yote na sikuwahi kuuangalia. Asubuhi ile niliuangalia. Kilima cha kwanza kilikuwa na mstari wa mikaratusi juu kabisa. Nyuma yake kilima chenye upara, jiwe moja katikati. Nyuma yake kimoja chenye nundu mbili, halafu vingine na vingine kuelekea Burundi, vyote vimezungukwa.

Alikuwa anatuambia kweli muda wote, na tulikuwa tunakaa hapohapo tunamsikiliza tukiwa tumevipa visiwa vyake mgongo.

Nikamwona Odetha. Alikuwa anateremka, ukungu umemfika kiunoni, mfuko kichwani, na yule mgeni mbele yake. Nikaita, hakugeuka. Nikashuka nyuma yao. Nilipoingia kwenye ule weupe baridi ilinikata pumzi, na chini ya nyayo zangu udongo uliisha. Nilikuwa nakanyaga mchanga. Kitu kilikuwa kinavuta vifundo vya miguu yangu kinaachia, kinavuta kinaachia. Sikuona maji lakini nilikuwa nayasikia pande zote, na nililia kwa sauti kama mtoto, sioni haya kusema. Sijui nilitembea muda gani. Nilipoanza kupanda nikajua nimefika kwenye ile mikaratusi.

Kile kilima nimekata kuni pale. Hapakai mtu. Asubuhi ile chini ya miti walikuwa wamekaa watu, wengi, wanawake na wanaume, kila mmoja na kifurushi chake, kimya, kama abiria ambao gari lao limeharibika na wameshachoka kulalamika. Wengine walikuwa na nguo za siku hizi. Wengine walikuwa wamevaa kaniki za zamani, zile nilizoziona kwa bibi yangu. Wote walikuwa wanatazama upande mmoja, kwenye kile kilima cha upara. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alinigeukia. Hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa mtu tu, amechoka.

"Ameshasema turudi?" akaniuliza.

Nilielewa hapohapo wale ni akina nani. Walikuwa watu wenye adabu kama sisi, waliotoka nyumbani kwao kumsindikiza mgeni kidogo tu.

Odetha alikuwa anashuka upande wa pili. Nikamrukia nikamkamata mkono. Mkono ulikuwa wa baridi. Akaniambia kwa upole, dada, niache, bado hajaniambia. Nikamvuta, nikamzaba kofi, nikamtukana matusi ambayo sitayarudia hapa. Hakusogea. Alikuwa mzito kupita kiasi. Yule mgeni alikuwa amesimama mbele yetu anangoja, anatabasamu, raba zake nyeupe pepepe. Hakuwa na haraka wala hakumshika. Alijua kwamba hatuna ujasiri wa kumpa mgeni mgongo.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo nilipomwokoa mdogo wangu na hapa ndipo nilipotuharibia. Kwetu ukishamsindikiza mgeni mbali, naye anaweza kugeuka akakurudisha kidogo. Watu wanaopendana wanaweza kwenda na kurudi hivyo mpaka wanachekwa. Sijui wazo lilitoka wapi. Nilifuta machozi, nikapiga magoti kidogo kama ninavyomfanyia mkubwa, nikamwambia.

"Mgeni, tumekufikisha. Sasa na wewe turudishe, njia hii hatuijui."

Tabasamu likatoweka. Nadhani katika wale wote waliokaa pale hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Na yeye mwenyewe, kama adabu ndiyo kamba yake, angekataaje?

"Haya," akasema. "Tangulieni."

Odetha akawa mwepesi palepale. Nikamshika mkono tukateremka, tukaingia tena kwenye ule weupe, na yeye nyuma yetu. Sikugeuka. Nilikuwa nasikia pumzi yangu na pumzi ya Odetha. Nyuma yetu hakukuwa na kishindo cha mguu wala sauti ya maji, lakini ubaridi wake ulikuwa shingoni kwangu njia nzima. Tuliufikia mlango, nikamsukuma Odetha ndani, nikafunga. Mama alikuwa amesimama katikati ya nyumba, kanga mkononi. Ndipo sauti ikaja kutoka nje, ya chini, yenye heshima ileile.

"Nimewafikisha. Nani ananisindikiza?"

Hatukujibu. Jua lilipotoka tukachungulia, hapakuwa na mtu. Ukungu wa kesho yake ulipoingia, alikuwepo. Anauliza mara moja tu, nani ananisindikiza, halafu ananyamaza, na unajua yuko palepale amesimama. Tulimwita mchungaji akaomba, tukakaa siku mbili kwa amani, ukungu uliporudi naye akarudi. Nikasema tuhame twende Kibondo kwa shangazi. Tulikwenda. Asubuhi ya kwanza yenye ukungu aliuliza nje ya mlango wa shangazi, tena kwa sauti ileile, wala hakusikika kuchukia kwamba tumemsumbua. Tukarudi kwetu.

Wa kuumia alikuwa Odetha. Mimi nilikuwa naogopa, lakini yeye alikuwa anaona aibu, na aibu ilikuwa inamla. Alikuwa akisikia ile sauti anainuka kitandani anatafuta kandambili. Alikuwa ananiambia, dada, mgeni amesimama baridini, si vizuri. Nilikuwa namfunga mkono wake na wangu kwa kipande cha kitenge. Alikonda, akaacha kwenda Mabamba, akawa anakaa tu akiangalia kitasa. Kila mtu angeona kwamba kuna asubuhi moja nitapitiwa na usingizi, na asubuhi hiyo itakuwa ya mwisho wake.

Mama aliona. Jioni moja aliosha kitenge chake kizuri, kile cha kanisani, akakianika. Alipika maharage mengi kuliko tunavyokula. Alikuja kukaa kitandani kwetu akatushika vichwa, mimi na Odetha, kama tulivyokuwa wadogo, akasema, "Bana banje, wanangu, mgeni haondoki mpaka apate mtu wa kumtoa." Nilidhani anatufariji. Sikuelewa, na hata ningeelewa sijui ningefanya nini.

Kulipokucha ukungu ulikuwepo. Sauti ikauliza. Odetha akainuka, nikamrudisha chini. Halafu nikasikia kitasa cha mlango wa mbele kinafunguliwa, na sauti ya Mama, nje, changamfu kabisa. Alikuwa anamsalimia. Anamwomba radhi kwamba vijana wa siku hizi hawana malezi, wanamwacha mgeni mlangoni.

"Twende baba," akasema, "mimi nitakusindikiza. Ila tembea taratibu, goti langu halina haraka."

Nikaruka. Na Odetha naye akaruka, kwa sababu alikuwa amesikia mtu anasindikizwa na miguu yake ilikuwa inataka kufuata. Alikuwa na nguvu kama za ng'ombe. Tulianguka wote wawili pale chini, kipande cha kitenge kimetufunga. Ningeweza kukikata. Mkasi wangu ulikuwa mezani, naufikia kwa mkono. Ningekikata ningemwahi Mama, kwa goti lile hakuwa mbali. Lakini Odetha angetangulia mbele yangu na nisingemwona tena. Nikamlalia. Nilimlalia mdogo wangu kwa uzito wangu wote, uso wangu kwenye mgongo wake, huku namsikia Mama anateremka, anamwuliza yule mtu anafua na nini hizo raba, anacheka, anahema, anasema ngoja kwanza, anaendelea. Sauti ikawa ndogo. Halafu nikawa nasikia maji tu.

Jua lilipotoka Odetha alilegea, akaniuliza kwa nini nimemkalia. Tangu hapo hajainuka tena kitandani kutafuta kandambili. Amerudi kwenye maharage yake, ana mume sasa, ananenepa. Habari za bahari hazungumzi, na ikija kwenye televisheni anatoka nje. Mtaa mzima ulimtafuta Mama mpaka bondeni kabisa. Hatukupata hata ukanda wa kandambili. Watu wanasema bibi alipotea kwenye ukungu, wengine wanasema labda alivuka kwa ndugu upande wa pili wa mpaka. Mimi nawaacha waseme.

Ukungu ukiingia nakaa dirishani, mlango umefungwa. Masika yale Mama alikuwa kwenye kilima cha mikaratusi. Namwona vizuri, kitenge chake cha kanisani, amekaa na goti amelinyoosha, amenipa mgongo. Masika yaliyofuata alikuwa kwenye kile chenye upara, pembeni ya jiwe. Mwaka huu yuko kwenye nundu mbili, na ni mdogo sana kwa macho, inabidi nimtafute. Vilima vinavyofuata viko mbali mno, akifika huko sitamwona tena. Simwiti. Nikimwita akageuka, mgeni atakumbuka kwamba bado tuko wengine.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, mgeni usiyemjua kwao akiinuka kuaga, muage ukiwa umekaa. Usivae kandambili, usimtoe hata hatua moja nje ya mlango. Akikuona huna adabu, mwache akuone hivyo.